Geji ya Makande

Vijana wa bodaboda mnaoegesha mbele ya nyumba yangu hapa Bugene, nawaona. Kabla ya kumpakia abiria wa Nyakahanga mnaishika pikipiki, mnaitikisa, mnatega sikio, halafu mnamwambia, "Yapo, twende." Wengine mnafungua kifuniko na kuchungulia kwa jicho moja. Yule mrefu wenu nilishamwona akichungulia huku amechomeka sigara sikioni. Haikuwashwa, sawa, lakini roho yangu iliruka. Nacheka peke yangu barazani mpaka mke wangu anatoka kuuliza kuna nini. Nacheka kwa sababu nimeumaliza ujana wangu nikihangaika ili watu waache kutikisa na kuchungulia. Nilikuwa fundi umeme wa magari, na kuanzia hapa mpaka Kyerwa, ambayo wakati huo ilikuwa bado Karagwe hiihii, watu waliniita Deo wa geji.

Leo nitawasimulia geji moja tu. Nimefunga nyingi, na zipo nzuri kuliko hiyo. Ila hiyo ndiyo niliyoifunga ikasema uongo, nami nikijua, na mwenye gari aliponiuliza uso kwa uso nikamwambia inasema kweli.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Rajabu. Wazee wake walitoka Pangani na biashara ya vitambaa wakabaki huku. Yeye duka lilimshinda, akafungua gereji nyuma ya duka la kaka yake. Mimi nilikuwa mtoto wa Mrundi aliyekuja Ihembe kulima mibuni ya watu, na nilipofika kwake nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei niliyejua jembe tu. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama nasikia harufu vizuri.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Somo lake la kwanza lilikuwa hili, na ninyi lishikeni: tangi tupu ndilo la kuogopa. Lililojaa petroli lina adabu yake. Lililomwagwa jana, unaliona kavu, limejaa mvuke usioonekana, na cheche moja inatosha. Kwa hiyo kabla ya kulehemu unaliosha kwa maji ya moto na sabuni, unalimwaga, unaliosha tena, unaliacha juani mdomo wazi, halafu unaingiza pua. Ukisikia harufu hata ya kubahatisha, rudi kwenye maji. Siku moja mimi nilijiona nimeshakua fundi, nikalisogelea tangi la lori nikiwa na pasi ya kulehemu ya moto bila kunusa. Mzee Rajabu alikuwa mbali kidogo anakunywa chai. Hakupiga kelele. Alirusha birika zima, chai ikanimwagikia mkononi na pasi ikazimika. Alama hii hapa mnayoiona ndiyo hiyo. Halafu wiki nzima alinipikia uji mwenyewe na kunishikia kikombe, maana sikuweza kushika kitu, na hakunisemesha juu ya jambo lile hata mara moja. Nilimpenda sana mzee yule.

Sasa nije kwa Ta Laurenti wa Ihembe, mzee tuliyempa hilo Ta kwa heshima. Alikuwa dereva wa lori kabla ya vita vya Kagera. Akaenda vitani kuendesha lori, akarudi bila mguu wa kushoto, umekatwa juu ya goti. Dereva bila mguu wa kushoto hana wa kukanyagia klachi, kwa hiyo watu walimpa pole na kumwambia ashukuru Mungu ana migomba. Yeye alishukuru Mungu, kisha akaanza kuokota vyuma. Chesisi ilikuwa ya Land Rover iliyokuwa inaota majani, injini ya pikapu, viti vya basi, na bodi aliisuka mwenyewe na Mzee Rajabu kwa mbao na bati. Klachi waliitungia mkono wa bomba karibu na mlango. Akitaka kubadili gia, mkono wa kulia unavuta bomba, wa kushoto unasukuma gia, na usukani kwa muda huo anaubana kwa goti la mguu mzima, huku Mungu naye akisaidia. Watu wakaliita Makande, kwa kuwa lilikuwa na kila kitu ndani. Liliwaka vizuri na lilipanda milima.

Tangi walilikunja wenyewe kwa bati nene, la galoni kumi na mbili, zile galoni za zamani za lita nne na nusu. Liliwekwa nyuma chini, na mdomo wake ulikuwa chini ya benchi la abiria. Ishikeni hiyo kumi na mbili, nitairudia.

Geji hawakuweka. Mwaka wa kwanza wa Makande, Ta Laurenti alikwenda peke yake upande wa Nkwenda kuchukua maharage, akadhani ana mafuta ya kutosha, gari likazimika mahali pasipo na nyumba. Mvua ilinyesha. Mtu mwenye miguu miwili angetembea. Yeye alikaa ndani ya gari tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama. Walipita watu wakamwachia ndizi, mmoja akamwekea sarafu kwenye dirisha akidhani ni ombaomba aliyejihifadhi. Mkewe, Ma Adelina, alisikia habari kwa wasafiri, akapata lifti nusu ya njia, nusu nyingine akatembea na dumu kichwani. Alipofika akamkuta mumewe ameiweka ile sarafu kwenye dashibodi, anaitazama.

Tangu siku hiyo Ma Adelina akashika ufito. Ulikuwa ufito wa mbuni, umenyooka, ameuchonga alama kwa kisu. Kila asubuhi alipiga magoti nyuma ya Makande, akauzamisha kwenye tangi, akautoa, akausoma, akamtangazia mumewe aliyekuwa ameshakaa kwenye usukani: "Alama tatu." Au, "Leo huendi, hakuna kitu." Na Ta Laurenti hakwenda.

Walikuja gereji pamoja. Ilikuwa miaka ya themanini katikati, petroli inapatikana kwa kibali, na mwenye galoni tano alitembea kama mwenye ng'ombe. Nikawaamkia, "Shikamoo Ta. Shikamoo Ma." Ma Adelina aliitika, akakaa kwenye tairi, ufito wake mapajani. Ta Laurenti hakushuka kwenye gari.

"Rajabu," alisema, "nimekuja kwa jambo dogo. Nataka geji."

"Geji ya nini na una mke?" Mzee Rajabu akamtania.

Ta Laurenti hakucheka. "Mke wangu amechoka na tope. Na mimi nimechoka kuuliza. Kila asubuhi nauliza kama mtoto anayeuliza kama kuna chakula. Nataka nikae kwenye kiti changu, nitazame mbele, nijue nilicho nacho. Basi."

Nilimtazama Ma Adelina. Alikuwa anaukwaruza ufito kwa ukucha.

"Mpe Deo," Mzee Rajabu akasema. "Hii ni kazi ya Deo." Ndiyo mara ya kwanza kunipa kazi nzima mkononi, na sikulala vizuri kwa furaha.

Geji, wanangu, ni kitu rahisi sana. Ndani ya tangi kuna boya mwisho wa mkono wa waya. Mafuta yakipanda, boya linapanda, yakishuka, linashuka. Mkono ule unasugua waya mwembamba uliozungushwa, na kadiri unavyosogea ndivyo umeme unavyopita kwa wingi au uchache kwenda kwenye mshale wa dashibodi. Hakuna uchawi. Mkono ukiukunja kidogo tu, mshale unabadilika sana. Nilipata kifaa hicho kwenye lori bovu, nikatoboa tundu juu ya tangi baada ya kuliosha na kulinusa mara nyingi kuliko lazima. Mkono ulikuwa mrefu kwa tangi lile, nikaufupisha. Kasoro ilikuwa boya. Lile la shaba lilikuwa limetoboka.

Hapo ndipo nikafanya akili ya kwetu. Nilikwenda kwa mama yangu nikachukua kibuyu kidogo, vile vya kunywea rubisi, pombe yetu ya ndizi, saizi ya ngumi ya mtoto. Kibuyu ni chepesi, hakizami. Nikakiziba mdomo kwa nta ya nyuki, kwa ustadi kabisa, nikakifunga kwenye mkono. Petroli ya kujaribia hatukuwa nayo ya kuchezea, basi nikakijaribu kwenye pipa la maji. Kilielea siku tatu. Nilimwita kila aliyepita aje aone. Mzee Rajabu alikuja, akatazama, akaondoka akitafuna buni zake za kahawa. Nilidhani amenisifu kimoyomoyo.

Ta Laurenti aliondoka na geji yake asubuhi. Hakufika hata kwenye mteremko wa kutokea Bugene. Petroli inakula nta. Iliyeyusha kizibo changu, kibuyu kikajaa kikazama, nta ikaingia kwenye mrija, ikaziba kabureta. Tulikwenda kulisukuma Makande lirudi, mimi nikiwa nyuma kabisa ili mtu asinione uso. Ma Adelina alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Waitu, jamani Deo, umelinywesha rubisi gari la watu," alisema.

"Mzee, ulijua," nilimwambia Mzee Rajabu tulipobaki wawili.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungejua leo tu. Sasa utajua mpaka kufa." Akanipa kopo tupu la rangi ya viatu. "Lehemu hili, ulizibe pande zote, ulitumbukize kwenye maji ya moto. Likitoa povu, lina tundu. Lisipotoa, ndilo boya lako."

Halikutoa povu. Na kwenye mdomo wa kifaa, pale kinapokaa juu ya tangi, nilikata kipande cha ngozi nikakipaka sabuni ya mche. Hili nalo lishikeni: petroli inakula nta, inalegeza mpira wa tyubu, lakini sabuni haiiwezi. Mkipata tangi linalovuja njiani, pakeni sabuni ya mche mtafika nyumbani.

Nikawasha swichi. Mshale haukucheza. Nikabadilisha waya. Haukucheza. Nikabadilisha geji yenyewe, nikafungua kila nilichofunga tangu asubuhi mpaka alasiri, na Ta Laurenti kitini mwake ananitazama kwa upole unaoudhi. Mwishowe Mzee Rajabu akaja na kipande cha waya, akagusisha ncha moja kwenye tangi, nyingine kwenye chesisi. Mshale ukapanda. Tangi lilikuwa limekalia mbao na raba, halikugusa chuma popote, kwa hiyo umeme ulikuwa na njia ya kuingia bila njia ya kurudi. Tangu hapo, geji ikikataa, mimi naanza na waya wa kurudisha umeme kwenye bodi kabla ya kugusa kingine chochote. Mtaokoa saa nyingi.

Likabaki jambo la kupima. Geji haikuwa ya gari lile, namba zake hazikuwa na maana, nikazikwangua nikapiga rangi upya. Alama niziweke wapi? Mtu anayejua kilichomo ndani ya tangi alikuwa mmoja. Nikamwomba Ma Adelina aje na ufito. Yeye anazamisha, anasoma, mimi naweka alama. Aliposema "hakuna kitu," nikaukunja mkono wa boya mpaka mshale ukalala kwenye sifuri. Aliposema "alama mbili," nikachora mbili. Kazi ilikwenda vizuri. Nilifurahi jinsi ufito na mshale vilivyokubaliana.

Kesho yake, kabla ya kulitoa gari, niliona unyevu kwenye kizibo cha chini ya tangi. Ikabidi nilimwage tangi lote nikaze upya. Mafuta ya kupimia tulikuwa tumeyanyonya tena na mshale ulikuwa kwenye sifuri, kwa hiyo niliweka debe dogo tu chini nikitegemea matone. Yakatoka mafuta. Yakajaza debe, nikakimbilia jingine. Nilipopima, galoni mbili na kidogo, kwenye tangi ambalo geji yangu na ufito wa Ma Adelina vilisema ni tupu.

Niliuchukua ufito wake uliokuwa umeegemezwa ukutani, nikauangalia kwa mara ya kwanza kama fundi. Alama ya chini kabisa, ile ya "hakuna kitu," ilikatwa vidole vinne juu ya ncha.

"Ma," nikamwambia, "ufito wako una kosa. Nitarekebisha geji, ni kukunja mkono tu."

Alikuwa anamenya ndizi za mchana pale uani. Mumewe alikuwa dukani kwa kaka yake Mzee Rajabu. Aliweka kisu chini.

"Hauna kosa," akasema. "Nilikata mwenyewe."

Sikuelewa.

"Deo mwanangu, wewe hukumwona siku ile. Mimi nilimwona. Alikuwa ameloa na haongei, na ile sarafu mbele yake. Miezi miwili hakutaka kutoka nje ya nyumba. Nikasema haitatokea tena nikiwa hai. Nikikata alama chini kabisa, siku moja atasema bado kuna kidogo, atakwenda. Namjua. Ni dereva. Basi nikaacha kidogo pale chini, asipopajua. Siku akikosea, gari halitazimika." Akakishika kisu tena, hakumenya. "Usiiguse. Nakuomba."

"Lakini Ma, alisema anataka kujua alicho nacho."

"Anacho," alisema Ma Adelina. "Anacho hata asipojua."

 Nilikwenda kwa Mzee Rajabu, maana yeye ndiye aliyekuwa akisema kila siku kwamba geji ni shahidi, na shahidi hapangiwi maneno. Nilimweleza yote. Alitafuna buni yake.

"Lile lori ulilotoa kifaa," akasema, "likionyesha sifuri, huwa limekwisha?"

"Huwa halijaisha. Hubaki kidogo."

"Nani alibakiza?"

"Waliolitengeneza kiwandani."

"Hao hawamjui dereva wala mke wake, na bado walimwonea huruma. Iache." Nikageuka kwenda, akaniita. "Ila sikia. Tangu leo uongo huu si wa Adelina tena, ni wako. Ukimwambia, utakuwa umemvunja mke. Usipomwambia, umemficha mume. Chagua, kisha usinilalamikie."

Nilikaza kizibo, nikarudisha mafuta yote pamoja na yale ya kupimia, kifaa nikakiacha vilevile kilivyokuwa. Ta Laurenti aliporudi, akapanda kwa mikono yake, akawasha swichi, mshale ukapanda mpaka robo. Alikaa akiutazama. Ninyi mmezaliwa mmezikuta saa za simu mifukoni, hamwezi kujua uso wa mtu anayeona kitu kidogo namna ile kikimtii. Kisha akanigeukia.

"Fundi. Inasema kweli?"

Aliniita fundi. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

"Inasema kweli, Ta."

Akaondoka peke yake. Wiki hiyohiyo alikwenda Nkwenda peke yake akarudi, na Ma Adelina, nilivyosikia, alishinda amesimama barabarani tangu mchana akijifanya anauza parachichi. Mwaka ule Ta Laurenti alibeba kahawa, maharage, maharusi, na wajawazito kadhaa kuwapeleka hospitalini Nyakahanga. Hakuwahi kukwama hata siku moja. Watu wakasifu geji ya Deo, kazi zikanijia mpaka za kutoka Murongo, na kila sifa iliniuma kidogo. Kila Makande likiingia gereji nilikuwa nalizunguka upande wa mbele. Sikupenda kulipita nyuma.

Mzee Rajabu alifariki, nikabaki na gereji. Miaka ikapita. Tukaingia miaka ya tisini, petroli ikaanza kupatikana bila kibali. Ma Adelina akaugua, tukamzika Ihembe, kwenye migomba yake. Siku ya msiba nilitaka kumwambia Ta Laurenti, nikaona si mahali pake. Baada ya hapo nikaona muda umepita. Mnajua jinsi mtu anavyojidanganya.

Halafu asubuhi moja Makande likaingia, taratibu, linayumba. Macho ya Ta Laurenti yalikuwa yameanza kufifia, na alikuwa ameamua kuliuza. Mnunuzi ni kijana wa Kyerwa, mwenye miguu yake miwili. Nilimwamkia, nikamletea buni za kahawa kwenye kisahani kama alivyozoea. Akachukua moja, akaiweka mdomoni.

"Deo," akasema, "fungua kifaa cha tangi, ukunje mkono wa boya. Geji iseme kweli."

Nilikuwa nimeshika spana namba kumi. Nakumbuka namba, maana niliitazama muda mrefu.

"Huyu anayenunua hana Adelina," akaendelea kwa sauti yake ileile. "Si vizuri kumwuzia gari lenye siri ya watu."

"Ta. Ulijua."

"Tangi nililikunja mimi na Rajabu. La galoni kumi na mbili. Geji inasema sifuri, namimina kumi, linafurika. Mara ya kwanza nikadhani nimehesabu vibaya. Ya pili nikajua." Akatafuna. "Na siku ile nilipokuuliza kama inasema kweli, ulitazama viatu vyako. Viatu vyenyewe vilikuwa vibovu."

Mimi niliyejiona fundi, katika miaka yote ile sikuwahi kufikiri kwamba dereva wa lori atahesabu galoni zinazoingia kwenye tangi aliloliunda mwenyewe. Niliona aibu, na chini ya aibu nikasikia wepesi ambao sijui nikuelezeni vipi.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nimwambie nani? Nikimwambia Adelina, ataipeleka wapi hofu yake? Alikuwa anaitunza mle tangini. Iliishi vizuri mle, sisi tukalala." Akachukua buni nyingine. "Nilikwambia nataka kujua nilicho nacho, Deo. Basi, nikajua."

Niliiweka spana chini. Yeye akaendelea.

"Zile galoni za chini nilizitumia mara moja tu. Siku nampeleka Nyakahanga, ile ya mwisho. Alikuwa amelala kwenye benchi nyuma yangu. Tukafika mlimani mshale ukalala kwenye sifuri, nikapunguza mwendo, maana nilizoea kuziheshimu zile galoni. Akanishika bega. Akasema, 'Laurenti, endesha tu. Yapo.' Nikamwambia, 'Yatoke wapi?' Akanieleza yote, ya ufito, yako, ya Rajabu. Nikamwambia, 'Kumbe. Wewe mwanamke, miaka yote hii umenidanganya.' Akacheka, Deo. Anaumwa vile, alicheka mpaka tunafika getini."

"Hukumwambia kuwa ulikuwa unajua?"

"Alikuwa ananipa kitu," Ta Laurenti akasema. "Unampokonyaje mtu kitu anachokupa?"

Niliinua benchi, nikafungua skrubu tano. Ngozi ilikuwa bado na sabuni yangu ya zamani, imekauka. Kopo la rangi ya viatu lilikuwa zima, halikuingia hata tone. Nilipima kwa ufito hadi chini kabisa, safari hii ufito wangu, nikaukunja mkono kwa koleo pale nilipoukunja siku ile, kuelekea upande wa pili, nikakirudisha kifaa, nikakaza. Ilinichukua muda mfupi kuliko niliotumia kuogopa kuifanya.

"Washa swichi," nikamwambia.

Akawasha. Mshale uliokuwa umelala kwenye sifuri ukatikisika, ukainuka, ukapanda kidogo kidogo, ukasimama. Galoni mbili. Baada ya ile safari alikuwa amezirudisha.

Ta Laurenti alisogeza uso karibu na kioo kwa sababu ya macho yake. Akaweka kidole pale mshale uliposimama, akakiacha hapo.

"Kumbe ni nyingi hivi," akasema.

Betri ya Makande ilikuwa mbovu, na swichi ikiachwa imewashwa betri haidumu. Nilijua, na yeye alijua. Nikakaa kwenye kiti cha abiria pembeni yake, nikachukua buni moja kwenye kisahani, na swichi sikuizima.